Zile Moja Kumi na Saba

Kasyoki alijua ameibiwa pale alipomwona Lesiamon akicheka na binti wa Jama.

Hakikuwa kicheko cha kupoteza wakati. Lesiamon alikuwa ameinamia meza mkahawani kwa Mbeke, kofia imesukumwa kisogoni, akicheka kile kicheko chake cha kutoka kifuani ambacho Kasyoki, kwa miaka yote hii, alidhani amewekewa yeye peke yake. Katikati ya meza kulikuwa na karatasi ya kufungia mandazi, imejaa mafuta na tarakimu. Kama wangekuwa wanazungumza habari za mbuzi, au za mvua iliyokataa kunyesha kule Kajiado, Kasyoki angeagiza chai yake akaketi. Lakini hesabu, katika meza ile, ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa bado amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi la barabara ya Namanga.

"Supa, Ole," alimsalimia Lesiamon kwa lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayelazimika kubisha hodi nyumbani kwake.

"Epa! Kasyoki, kuja! Kuja uone. Huyu mtoto ameivunja."

"Amevunja nini?"

Lesiamon akaishusha kofia usoni. Ndipo alipokumbuka anaongea na nani.

Ilikuwa namba, nayo ilizaliwa seli. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kiwanda cha nguo ambapo watu walishona mashati ya kuvaliwa ng'ambo, na kwenda chooni ilikuwa mpaka uinue mkono kama mtoto wa shule. Mwaka ule watu walipoambiwa nchi imekombolewa, wafanyakazi wakaamini, wakagoma. Walisukumwa kwa virungu, wakakamatwa kumi na saba, wakafungiwa kituo kimoja njia ya Kajiado. Kiwanda leo hakipo. Pamejengwa maghorofa ya kupangisha, na wapangaji wanaanika nguo kwenye roshani bila kujua pale chini walilia akina nani. Kasyoki anajua. Kasyoki anajua hata jina la askari aliyemkanyaga vidole, na jina la mkewe, na kanisa wanalosali.

Mle seli kila mtu alichora mstari ukutani kwa kifungo cha mshipi. Mistari kumi na saba, imesimama sambamba. Kasyoki alikuwa mtu wa kujisomea. Darasa aliliacha mapema, lakini alikuwa na kitabu cha hesabu cha Tanzania, kilichovuka mpaka wa Namanga kikiwa karatasi za kufungia njugu, na humo ndimo alimojifunza habari za namba tasa: namba isiyokubali kugawanywa na yoyote isipokuwa moja na yenyewe. Alilala akiitazama ile mistari mpaka ikaacha kuwa mistari. Akaisoma:

11111111111111111.

Alijaribu tatu, ikabakisha. Saba, ikabakisha. Kumi na moja, kumi na tatu, na yenyewe kumi na saba, zote zikabakisha. Akaketi wima gizani akasema, "Jamaa, hii namba haigawanyiki." Mtu akamwambia alale. Lesiamon, kijana wa Kajiado aliyekuwa akikata vitambaa kiwandani, ndiye peke yake aliyeuliza, "Imebaki ngapi?"

Hapo urafiki ukashika.

Walipotoka, ile namba ikawa wimbo. "Sisi ni zile moja kumi na saba! Hatugawanyiki!" Wakaiandika kwenye maboksi, wakaandamana nayo mpaka langoni. Halafu Dalmas, mmoja wao, akapitia mlango wa nyuma akatia sahihi karatasi ya meneja, na wiki iliyofuata akaonekana amevaa koti la msimamizi. Mgomo ukafa. Namba haikufa. Kila mwaka, siku ya ukumbusho, waliobaki hukutana hapa kwa Mbeke, Kitengela, wakaitana. Kasyoki hutaja jina, mwenye jina hujibu, "Moja!" Hakuna anayesema mbili wala tatu, kwa sababu hakukuwa na wa kwanza wala wa mwisho. Aliyekufa huitikiwa na rafiki yake. Na Dalmas, ambaye hajawahi kukanyaga pale, huitikiwa na Kasyoki mwenyewe, kwa meno yaliyobana, kwa sababu ukimtoa Dalmas unabaki na moja kumi na sita, na hizo, namba kumi na moja inazigawa bila kubakisha, kama kisu kwenye ugali wa jana. Miaka yote Kasyoki alimchukia yule mtu na hangeweza kumwacha nje. Alimhitaji kama nyumba inavyohitaji jiwe baya lililokwisha kujengewa juu.

Na aliijaribu ile namba, msidhani hakuijaribu. Aliigawa kwa kila namba tasa aliyoifikia, kwa mkono, kwa sababu kikokotoo cha simu kilijaa kabla moja hazijaisha. Lesiamon akija mjini na mbuzi wake alikaa naye. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Mtu anawajua kwa rangi na kwa sura, na kuwahesabu ni kuwaita msiba. "Lakini hii yako si ng'ombe," alisema, "hii tuhesabu tu." Kasyoki aligawa, na mwisho wa kila mgawo Lesiamon aliuliza, "Imebaki ngapi?" Walifika elfu arobaini. Hapo Kasyoki akaweka kalamu chini akatangaza: "Kilichokataa mpaka hapa kitakataa mpaka mwisho."

Hiyo haikuwa hesabu. Hiyo ni akili ya mtu aliyegoma. Mgomaji anajua kwamba aliyevuka njaa ya kwanza, na ya pili, na mtoto kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hanunuliki tena. Kasyoki akaipa namba tabia ya mtu mwaminifu, na hakukuwa na yeyote katika meza ile wa kumwambia kwamba namba haina njaa.

Mwaka huu mambo yalikuwa makubwa zaidi. Mbeke alikuwa ametoa ukuta wake wa mbele, ule unaotazama barabara. Roy, kijana wa kuchora maandishi ya maduka, ameshaupiga chokaa. Siku ya ukumbusho angeandika zile moja kumi na saba kwa rangi nyekundu, na chini yake neno moja: HAIGAWANYIKI. Kasyoki alikuwa amelipima lile neno kwa macho mara nyingi kuliko fundi. Watu wa Rongai, watu wa Namanga, madalali wa mashamba, wote wangepita wakilisoma, na wangeuliza ni nani aliyejua.

Sasa alikuwa amesimama mbele ya karatasi ya mandazi.

"Mzee Kasyoki, shikamoo," alisema msichana. Waris aliitwa, wa Jama yule mwenye duka la mchele, anayepeleka na mbuzi Nairobi. Alikuwa chuo kikuu akisoma hisabati, na alikuwa nyumbani kwa sababu wahadhiri wamegoma. Kasyoki aliupongeza ule mgomo katika meza hii hii, kwa ngumi, mpaka chai ikamwagika. Kumbe alikuwa anaupigia makofi mgomo uliomletea huyu.

"Nani alikupa namba yetu?"

"Mzee Lesiamon. Alikuwa anamwambia baba, nikasikia. Nikaiweka kwa kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Yangu, mzee."

"Nauliza aliyeitengeneza. Ni maskini?"

"Wacha, Kasyoki," alidakia Katee kutoka meza ya pembeni. Katee alikuwa mmoja wa wale kumi na saba, na mdomo wake ndio uliomponza hata mahakamani. "Hata hiyo simu umefunga kwa mshipi haikutengenezwa na mjomba wako."

Watu wakacheka. Waris hakucheka, na hiyo ilimuudhi Kasyoki zaidi. Alisogeza karatasi taratibu. Palikuwa na namba mbili: 2071723, na chini yake 5363222357.

"Ukizizidisha hizi, unapata ile yenu."

Milioni mbili na zaidi. Kasyoki aliishia elfu arobaini. Kwa mwendo wake ule, angefika hapo akiwa amezikwa mara tatu.

"Kompyuta hudanganya," alisema.

"Ndiyo maana nilitaka kuelewa," Waris alisema. "Namba tasa yoyote inayoivunja hiyo ya moja kumi na saba, lazima, ukiigawa kwa thelathini na nne, ibakishe moja. Thelathini na nne ni kumi na saba mara mbili. Zingine zote hazina haja ya kujaribiwa."

"Umesikia hiyo?" Lesiamon akasema, macho yanang'aa. "Nakerai, mweleze ile sababu. Ile uliniambia."

*Nakerai*. Mtoto wangu. Kasyoki hakusikia sababu. Kwa kidole juu ya paja, alikuwa anagawa milioni mbili na sabini na moja elfu, mia saba ishirini na tatu, kwa thelathini na nne. Ikabakisha moja. Akarudi nyuma kwenye miaka yake, kwenye zile namba alizozigawa taa ya mafuta ikimtia masizi puani, na akaona: katika kila kumi na sita, kumi na tano zilikuwa kazi bure. Lakini si hilo lililomuuma. Lililomuuma ni kwamba msichana alikuwa ameulizwa sababu. Miaka yote ile Lesiamon hakuwahi kumuuliza Kasyoki sababu ya kitu. Alimuuliza tu imebaki ngapi.

"Sikiza, binti," alisema. "Siku ya ukumbusho. Hapa, mbele ya watu. Kwa ubao, kwa mkono, bila simu. Uzizidishe. Ukipata moja kumi na saba, Roy afunge makopo yake. Ukikosa, namba yangu usiitaje tena."

"Namba *yetu*," alisema Lesiamon.

"Sawa, mzee," alisema Waris.

Wivu wa mtu mzima ni ugonjwa wa aibu, kwa sababu hauna dawa ya kuombea. Ukimwonea mtu wivu wa mke, watu wanakuelewa, wanakununulia hata soda. Utawaambia nini, kwamba rafiki yako wa seli anakaa na mtoto wa watu wakigawanya namba? Kasyoki alikaa na lile donge mpaka likamchosha. Akaamua kwenda Kajiado, akaongee na Lesiamon wakiwa wawili, amkumbushe ukuta wa seli na mambo ambayo msichana hakuwepo kuyaona.

Aliteremka mjini akatembea mpaka kwa Lesiamon, nje kidogo, penye ua wa miiba. Hakufika langoni. Gari la Jama lilikuwa limeegeshwa pale. Jama alikuwa upande mmoja akishika mbuzi migongo. Ndani ya ua, katikati ya ng'ombe, alikuwa Waris, buibui amelishika lisiguse samadi, na Lesiamon yuko kando yake akinyoosha fimbo.

"Yule?" alisikika Lesiamon.

"Yule wa baka jeupe ni... Wait, usiniambie." Msichana akataja jina. Lesiamon akapiga kelele ya furaha kama aliyeshinda mnada.

Kasyoki alikula nyumba ile, alilala nyumba ile. Hakuwahi kuonyeshwa ng'ombe mmoja kwa jina. Kweli, hakuwahi kuuliza. Lakini kuna vitu mtu anangoja apewe. Akageuka kabla mbwa hawajabweka, na njia nzima ya kurudi Kitengela hakujibu salamu ya mtu.

Siku ya ukumbusho kwa Mbeke palijaa. Walikuja wale waliobaki, na wajane, na watu wa soko waliosikia kuna mashindano. Ubao ulikuwa ni ule wa menyu. Katee aliufuta kwa kitambaa, Mbeke akatoka jikoni na mwiko.

"Nani amefuta matumbo yangu?"

"Leo ni hesabu, Mbeke."

"Hesabu inaliwa? Wacha hapo chini chapo ibaki. Watu wajue kuna chapati."

Ikabaki. Roy alikuwa amekaa juu ya ngazi yake karibu na ukuta, kopo la rangi limefunguliwa. "Wazee, mniambie mapema. Hii rangi inakauka, na mimi niko na kazi ingine Kimuka."

Waris aliandika ile namba ndefu juu, ile fupi chini, akapiga mstari. Akaanza na tatu, ya mwisho ya ile fupi. Mkono wake ulikuwa mzuri, tarakimu zimesimama kama watu waliopangwa foleni na mtu wa adabu. Kasyoki alikuwa benchi la mbele na alizidisha naye kichwani, hatua kwa hatua. Mstari wa tatu ulikuwa sawa. Mstari wa mbili ulikuwa sawa. Akaingia kwenye saba. Saba mara saba, arobaini na tisa, tisa chini, nne mkononi. Alikwenda vizuri mpaka kwenye sita. Saba mara sita, arobaini na mbili, na mbili za mkononi, arobaini na nne. Nne chini. Nyuma mtu akaangusha sahani, Mbeke akafoka, Waris akageuka kidogo. Aliporudi, saba mara tatu, akaandika moja.

Ilifaa kuwa tano. Ile nne ya mkononi ilikuwa imeanguka.

Kasyoki aliiona kama mtu anavyoona nyoka akivuka njia: kwanza mwili ukajua, halafu akili. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Waris akaendelea. Mstari wa moja. Kisha saba tena, na kwa kuwa ni saba ile ile, hakuzidisha upya. Alinakili ule mstari wa juu akausogeza. Kosa likapata pacha. Kasyoki akaweka mikono katikati ya magoti akaibana. Alijua sasa mambo mawili ambayo hakuna mwingine pale aliyejua: kwamba jumla itakataa, na kwamba namba zenyewe ni za kweli. Bila ile nne iliyoanguka, kila kitu kingekaa. Namba yake ilikuwa imevunjika. Na hakuna atakayejua, kama tu atakaa kimya kama alivyokaa.

"Sasa najumlisha," alisema Waris. "Kutoka kulia."

"Tuitikie!" Katee akapiga kelele. "Kama kawaida ya siku!"

Waris akaandika ya kwanza. "Moja!" watu wakaitika. Ya pili. "Moja!" Ya tatu, ya nne, na kila moja ilipotokea sauti ikapanda, wajane wakisimama, watu wa soko wakipiga meza, mpaka Roy akashuka ngazi. Lesiamon alikuwa amesimama kando ya ubao, na kila alipoitika alimtazama msichana kama mtu anayemtazama ndama akisimama kwa mara ya kwanza. Moja kumi zilikuwa zimetoka, zimejipanga. Waris akajumlisha safu iliyofuata, akasita, akajumlisha tena.

Akaandika saba.

Kisha Katee: "Hapo ndipo alikuwa amekaa Dalmas!"

Nyumba ikapasuka kwa kicheko. Waris akamaliza kwa kuwa alikuwa ameanza: sufuri, saba, sufuri, halafu moja tatu za mwisho ambazo hakuna aliyeziitikia. Masikio yake yalikuwa yamewaka chini ya mtandio. Watu wakaanza kumpiga Kasyoki mabegani. "Mzee wa kazi!" "Haigawanyiki!" Roy akapanda ngazi tena. Na utamu, jamani, Kasyoki aliusikia ule utamu mpaka kwenye fizi. Lesiamon akaja akaketi benchi moja naye, mahali pake pa zamani.

"Imekataa," alisema Lesiamon.

"Imekataa."

Lakini Lesiamon hakucheka. Alikuwa anatazama ubao. Waris alikuwa ameinua simu, anaupiga picha.

"Hiyo ya nini?" Kasyoki akauliza.

"Nimekosea mahali, mzee," alisema Waris. "Najua nimekosea. Nitakaa nayo dukani kwa baba, nitafute mstari kwa mstari. Nitapata tu."

"Utapata," alisema Lesiamon. Akasimama. "Nitapitia hapo nikitoka. Tutafute pamoja."

Hapo ndipo jambo lilipomgeukia Kasyoki. Kwa sababu angepata. Hata mtoto wa darasa la sita angepata, ukimpa ile picha na chai moja. Leo leo, jua halijazama, katikati ya magunia ya mchele ya Jama, ile nne ingeonekana, na namba yake ingevunjwa pale, na Lesiamon angekuwepo, na yeye hangekuwepo. Ingekuwa kama binti yako aozwe nyumba ya pili na wewe usikie vigelegele ukutani. Kusema kweli, hakuwaza haki. Waliomsifu baadaye kwa haki hawakumjua. Aliwaza tu kwamba mkono mwingine hautaigusa.

"Lete chaki," alisema.

"Mzee?"

"Chaki! Wewe Roy, shuka huko juu."

Alisimama mbele ya ubao, mgongo umewageukia watu. "Saba mara sita?"

"Arobaini na mbili," alisema Waris.

"Na za mkononi?"

"Mbili. Arobaini na nne."

"Nne chini. Ile nne ingine ya mkononi uliipeleka wapi?"

Msichana akafunika mdomo.

"Uliiangusha. Halafu huku ukainakili hivyo hivyo." Akafuta kwa kiganja, akaandika tano, akafuta mstari wa chini, akaandika tano nyingine. "Hesabu ni kama mgomo. Kosa la ofisini hulioni. Unaliona likishafika barabarani."

"Kasyoki," aliita Katee, na kwa mara moja hakukuwa na mzaha ndani yake. "Uliliona saa ngapi?"

"Lilipoandikwa."

"Na ukanyamaza? Ukamwacha mtoto wa watu achekwe?"

Kasyoki akakung'uta chaki. Alianza kujumlisha kutoka kulia. Mwanzo hakuna aliyeitika. Kisha Lesiamon peke yake, kwa sauti ya chini, "Moja." Wakamfuata wawili, watatu. Ilipofika ile ya kumi na moja, chaki ya Kasyoki ikasimama kidogo, ikaandika moja. "Moja," walisema. Nayo ya kumi na mbili, nayo ya kumi na tatu. Walipofika mwisho hakuna aliyepiga meza. Zilikuwa zimesimama pale, kumi na saba, kama zilivyokuwa ukutani, ila juu yake sasa kulikuwa na zile mbili zilizozizaa.

"Nimeivunja," alisema Kasyoki.

Waris akafungua mdomo. Lesiamon akamtazama, naye akaufunga.

"Kwa hivyo niandike nini?" Roy akauliza. "Ama niende Kimuka?"

"Kaa hapo." Kasyoki akageuka. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la chaki, na pale pale kwenye hasara, akapata kitu. Akakishika kwa mikono miwili. "Mnajua maana yake? Dalmas natoa! Leo leo. Nimembeba yule mbwa miaka yote kwa sababu ya namba. Namba imevunjika, simhitaji. Leo nitaitisha majina, na lake halitatoka kinywani mwangu."

"Mzee," alisema Waris kwa upole, "kuna ingine."

"Ingine gani?"

"Mkiongeza watu wawili. Moja kumi na tisa. Hiyo haivunjiki. Hiyo ilithibitishwa zamani sana, hata kabla ya kompyuta."

Ikawa zamu ya watu kutazamana. "Wawili gani?" mtu akauliza. Mbeke alikuwa anapita na birika, na macho ya Lesiamon yakamwandama.

"Nani alituletea uji kituoni?" alisema Lesiamon. "Akafukuzwa, akarudi?"

"Aa, leo mmenikumbuka?" Mbeke akatua birika kwa kishindo. "Mnakula hapa kila mwaka mkipiga kelele moja, moja, nikajua mimi kwenu ni sufuria."

Na ilikuwa kweli.

"Na wa pili?" akauliza Katee. Lesiamon alitazama tu upande wa msichana, na Kasyoki akaliona lile jicho, nalo likamchoma pale pale palipochomwa jana na juzi.

"Huyo hakuwa seli. Alikuwa hajazaliwa."

"Mbeke pia hakuwa seli," alisema Lesiamon.

"Wa pili tutamwona baadaye. Kwanza nitaikagua mimi mwenyewe."

"Lakini mzee, imeshathib—"

"Na nani? Nilikuwepo?" Akavuta karatasi ya mandazi, akaketi. "Thelathini na nane. Si ndiyo? Kumi na tisa mara mbili. Nikigawa ibakishe moja, ndiyo naijaribu. Zingine naacha."

Waris akatabasamu, mara ya kwanza siku ile. "Ndiyo, mzee. Lakini Dalmas lazima arudi. Bila yeye ni kumi na nane, na moja kumi na nane..."

"Inavunjika kwa kumi na moja," alisema Kasyoki. "Najua. Najua!" Akatema mate kando ya benchi. "Shetani yule."

Katee alicheka mpaka akashika nguzo.

Kasyoki aliandika moja kumi na tisa juu ya mafuta ya mandazi. Akapita thelathini na tisa, akapita sabini na saba, zote si tasa, akapita nyingine mbili, akafika mia moja tisini na moja. Akaanza kugawa, na alipoona Waris ameinama kutazama, akaweka mkono wa kushoto kuzunguka karatasi kama mtoto anayezuia jirani asinakili. Nje Roy alifunika kopo lake. Lesiamon alizunguka meza taratibu, akaketi upande ule mkono haukuziba, akangoja mpaka kalamu ikatulia.

"Imebaki ngapi?"

"Themanini na nne," alisema Kasyoki, na akasogea kidogo kumpa nafasi.